Picha ikidanganya, nani alaumiwe?



Mtu akisema uongo kwa maneno, wanaomsikiliza humhoji: ilikuwa siku gani, na nani mwingine alikuwapo. Akisema uongo kwa picha aghalabu hahojiwi, kwa sababu picha yenyewe hujifanya shahidi. Yuko msanii mmoja aliyeufahamu vyema udhaifu huo wa watazamaji, akautumia kwa makusudi kwa muda wa miezi mitano hivi ya mwaka 2014, na kazi iliyotokana na hila hiyo ikawa hati ya mashitaka dhidi ya mitandao ya kijamii.

Msanii huyo ni Amalia Ulman, mzaliwa wa Argentina aliyelelewa Hispania na kusomea sanaa katika chuo cha Central Saint Martins, London. Mwezi Aprili 2014 aliweka katika ukurasa wake wa Instagram picha iliyoandikwa, kwa Kiingereza, maneno yenye maana ya Sehemu ya Kwanza, pamoja na jina la kazi yenyewe, Excellences & Perfections. Yaani alitangaza waziwazi kwamba mchezo unaanza. Watu wakasoma, wakapita.

Kutoka hapo alicheza nafasi tatu. Kwanza alikuwa binti mpole, mgeni wa jiji la Los Angeles, mwenye kupenda maua na rangi ya waridi. Kisha akaachana na mchumba, fedha zikamwishia, akawa mwanamke anayetunzwa na mwanaume mwenye mali: nguo za gharama, vyumba vya hoteli, na hatimaye picha za kifua kilichofungwa bendeji, kana kwamba ametoka kupasuliwa ili kuongeza matiti. Hakuna kisu kilichomgusa. Kulikuwa na vitambaa vya kujazia sidiria na programu ya kompyuta ya kurekebisha picha, basi. Baadaye akaonekana akilia, akaomba radhi, na katika sehemu ya tatu akazaliwa upya kama mwanamke mtulivu wa matunda, mazoezi ya yoga na maneno ya busara. Mchezo ulipokwisha mwezi Septemba, wafuasi wa ukurasa huo walikuwa wamekaribia 90,000.

Hao wafuasi ndio kiini cha jambo. Walimsifu alipokuwa mpole, wakamkejeli alipokuwa mlevi wa anasa, wakamsamehe alipotubu. Kila mara walitoa hukumu upesi, na kwa hukumu zao wakasaidia kuutunga mchezo wenyewe. Ulman hakubuni wanawake wale watatu kutoka hewani. Alichunguza kurasa za wasichana wengine, akajifunza mikao yao, misemo yao, hata saa zao za kuweka picha, kisha akawarudishia watazamaji kile walichokwisha kuonyesha kwamba wanakipenda. Hata wajuzi hawakusalimika. Kwa maelezo yake mwenyewe, watu wa jumba moja la sanaa walimsihi aache mambo hayo, maana asingeheshimiwa tena kama msanii. Na hao ndio watu ambao kazi yao ni kutazama picha!

Atatokea mwenye kusema kwamba hili si jipya, kwamba hata katika studio za picha za Afrika ya Mashariki wateja waliazima koti na tai, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa bahari au ndege. Ni kweli. Lakini picha ile ilitundikwa ukumbini, ikatazamwa na majirani waliojua fika kwamba koti ni la mpiga picha, na mzaha ukawa wa wote. Mtazamaji wa Instagram yuko mbali; hamjui mwenye koti. Tena, mpiga picha wa studio alilipwa na aliyepigwa picha, mambo yakaishia hapo. Instagram, iliyoanza Oktoba 2010, haimtozi mtu kuweka picha, kwa kuwa mapato yake hutoka kwa watangazaji wa biashara, ambao huuziwa macho ya watazamaji. Facebook ilipotangaza mwaka 2012 kuinunua kwa dola bilioni moja, kampuni hiyo ilikuwa na wafanyakazi 13. Bei hiyo haikuwa ya majengo wala mitambo. Ilikuwa bei ya umati.

Mwaka ule ule wa 2014, huko Uholanzi, mwanafunzi wa sanaa ya michoro, Zilla van den Born, aliwaonyesha jamaa zake picha za safari ya majuma matano katika nchi za Asia, ilhali alikuwa Amsterdam muda wote. Wazazi wake mwenyewe walisadiki.

Wapo waliomlaumu Ulman kwa kuwahadaa watu ambao hawakuombwa ridhaa, na kwa kuwafanyia dhihaka wanawake wanaoishi kweli maisha yale. Lawama ya kwanza ina uzito. Ya pili haina, kwa maana kazi yake inaonyesha jinsi uzuri ule unavyogharimu saa na fedha, na dhihaka ilitoka kwa watazamaji. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za Facebook zilipofichuliwa, ilidhihirika kwamba watafiti wa kampuni hiyo walikuwa wamekwisha kuona kuwa Instagram huwafanya baadhi ya wasichana wazidi kuichukia miili yao. Mwalimu anayemwona mwanafunzi wake akijipiga picha thelathini ili achague moja hahitaji nyaraka hizo.

Mwaka 2016 picha za Ulman zilionyeshwa katika jumba la Tate Modern, London. Zikiwa ukutani, picha tupu, zinapungukiwa na kitu. Kwa bahati njema, taasisi ya Rhizome ya New York ilikuwa imekwisha kuuhifadhi ukurasa mzima kama ulivyokuwa, na mtu aweza hata sasa kusoma, chini ya kila picha, maneno ya wale waliosadiki.