Kumaliza Kazi Iliyoanzwa

Katika siku hizi za Jubilei twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kazi zilizotimia. Basi yafaa tuulize zilitimia kwa njia gani, maana kuanza ni kwa watu wengi, na kumaliza ni kwa wachache.

Tutazame kwanza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililo mbele ya bandari. Wamonaki wa Mtakatifu Benedikto walifika nchi hii mwaka 1888, wakafanya makao yao Pugu. Mwezi wa Januari 1889, katika vita vya pwani, makao yale yalishambuliwa na kuharibiwa, na wamisionari wengine waliuawa. Wangaliweza kusema kwamba kazi imekwisha. Hawakusema hivyo. Mwaka 1897 kanisa lilianza kujengwa, na mwaka 1902 lilikamilika.

Tutazame tena soko letu la Kariakoo. Wadachi walijenga jengo la soko mahali pale kabla ya vita ya 1914, walakini vita ikaja kabla watu hawajauza wala kununua ndani yake. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, walikaa pale wapagazi wa jeshi, yaani Carrier Corps, na midomo ya watu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Soko lenyewe lilifunguliwa mwaka 1923. Baadaye jengo lile lilionekana dogo. Bwana Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kuwa wasanifu wa majengo, alichora soko jipya, lenye paa la miavuli iliyopinduliwa, ipate kukusanya maji ya mvua na kuyapeleka katika matangi chini. Lilifunguliwa mwaka 1975. Mwezi wa Julai 2021 moto uliliunguza, na kazi ya kulijenga upya ikaanzwa.

Katika habari hizi twajifunza kwamba kuzuiwa si kuacha. Aliyezuiwa na vita, au ugonjwa, au ukosefu wa fedha, hana aibu. Kazi yake yamngojea. Mwenye kuacha ni yule ambaye furaha ya siku ya kwanza imempoa tu, naye hakurudi tena.

Na hasara ya kuacha si ndogo. Tupitapo katika mitaa yetu twaona cherehani iliyofunikwa kitambaa, na daftari la masomo lililoandikwa kurasa tatu tu. Tukitoka nje ya mji twaona kiwanja chenye msingi uliomezwa na majani. Msingi ule ni akiba ya watoto iliyolala chini, na ni neno alilopewa mke ambaye hata leo analipa kodi ya chumba kimoja. Kazi ya mtu huonekana kuwa yake peke yake, walakini wengi wameiwekea tumaini lao.

Basi tufanyeje? Kwanza tuhesabu, kama Bwana wetu alivyofundisha katika mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara. Mwenye uwezo wa chumba kimoja asichimbe msingi wa vyumba sita. Pili, tuikate kazi vipande vidogo, na kila kipande tukipe siku yake. Mchuuzi wa Kariakoo hangoji apate mtaji wa duka zima. Huuza fungu moja la nyanya, akanunua mawili. Kadhalika mwenye kujenga anunue mfuko mmoja wa saruji kila mwezi, na mwenye kusoma asome ukurasa mmoja kila jioni. Haba na haba hujaza kibaba. Tatu, tumwambie mtu mmoja mwaminifu, apate kutuuliza kila mwezi tumefika wapi. Nne, kama kazi yenyewe haifai tena, tuiache kwa kusema wazi, tuwarudishie watu kilicho chao. Kuifunga kazi hivyo ni bora kuliko kuiacha ikioza.

Ndugu zetu, tusiwasifu wazee kwa midomo tu. Kila mmoja wetu arudipo nyumbani achague kazi moja aliyoianza, aipangie siku yake katika juma hili, na siku hiyo ifikapo aishike. Mungu aliyetupa nia njema atupe na nguvu ya kuitimiza. Amina.