Breki za Benz Kuukuu: Ugonjwa Ujulikane Kabla ya Kununua Vipuri

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wa Salaita na wenye magari ya Voi, Mwatate na Taveta



Kilima hiki cha Salaita kina historia inayomhusu fundi wa magari kuliko anavyodhani. Tarehe 12 Februari 1916 mizinga ya jeshi la Waingereza ilimimina makombora kileleni. Mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, miguuni pa kilima. Askari wa Afrika Kusini waliposonga mbele wakiamini adui ameshapondwa, walipokelewa kwa risasi, na shambulio likavunjika siku ile ile. Makombora hayakukosekana. Kilichokosekana ni kujua adui yuko wapi. Gereji nyingi hupiga kileleni namna hiyo: breki zikilegea inanunuliwa masta silinda, zikiendelea kulegea zinanunuliwa pedi, kisha busta, na gari linarudi barabarani na ugonjwa wake ule ule.

Magari yanayozungumziwa hapa ni yale ya kifahari ya zamani: Mercedes-Benz za umbo la W124 zilizoanza kutengenezwa 1984, zile za W210 na W211 zilizofuata, Range Rover za miaka ya 1990, BMW na wenzao. Zamani yaliendeshwa na wakubwa. Leo bei imeshuka hadi mwalimu mstaafu au mfanyabiashara wa ndizi wa Taveta anaweza kulimiliki. Bei ya gari imezeeka, lakini bei ya vipuri vyake haijazeeka hata kidogo. Ndiyo maana kubahatisha ni hasara kubwa kwa gari hili kuliko kwa Probox.

Barabara zetu nazo zina hila. Kutoka Voi kupita Mwatate, Bura na Maktau hadi Salaita, njia ni ndefu, pana, na kwa sehemu kubwa tambarare. Dereva anaweza kwenda kilomita nyingi akigusa breki mara chache tu. Breki mbovu inaonekana nzima mpaka ndovu wa Tsavo Magharibi atokee kichakani jioni, au mpaka gari lipandishwe Wundanyi na kuteremshwa tena kwenye zile kona za kwenda Mwatate. Tambarare inaficha, mteremko unafichua.

Chukulia mfano huu. Mzee mmoja anateremka kutoka Wundanyi na W124 yake ya otomatiki, watu wanne ndani, mizigo nyuma, gia iko kwenye D tangu juu. Anakanyaga breki kidogo kidogo njia nzima. Karibu na mwisho wa mteremko pedali inazama, laini kama sifongo, karibu ifike sakafuni. Anapampu mara kadhaa, gari linasimama. Anapumzika nusu saa kivulini, anajaribu tena: pedali iko juu, ngumu, nzuri. Anafika Voi.

“Mzee, hiyo ni masta silinda imekufa,” fundi anamwambia.

“Una hakika, fundi?”

“Pedali ikizama ni masta silinda. Lete pesa nikutafutie.”

Fundi huyo hajasema uongo moja kwa moja. Masta silinda iliyochakaa huzamisha pedali kweli. Lakini huizamisha wakati wote, gari likiwa moto au baridi. Jaribio lake ni rahisi: gari lisimame mahali sawa, injini iwake bila kukanyagwa mafuta, pedali ishikiliwe kwa nguvu ya wastani kwa dakika moja hivi. Ikishuka polepole chini ya mguu, na hakuna tone linalovuja kwenye magurudumu wala kwenye mabomba, hapo masta silinda inapitisha ndani kwa ndani. Pedali ya mzee wetu ikijaribiwa hivyo asubuhi, haishuki. Basi si yeye.

Swali ambalo fundi hakuuliza ni hili: ilizama lini, na ilirudi lini? Ilizama baada ya joto, ikarudi baada ya kupoa. Hiyo ni dalili ya mafuta ya breki yaliyochemka.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, hata yakiwa ndani ya mfumo uliofungwa, kupitia mipira na kifuniko cha kopo lake. Mafuta mapya ya DOT 4 yanatakiwa kuhimili joto la angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 155. DOT 3 ni chini zaidi: 205 yakiwa mapya, 140 yakishalowa. Diski za gari zito linaloteremka kwa breki tupu hupita joto hilo kwa urahisi, na joto husafiri kupitia pedi hadi kwenye kalipa. Mafuta yakichemka hutoa mapovu ya mvuke. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke hubanwa, kwa hiyo mguu wa dereva unabana mvuke huku gari likienda zake. Likipoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inapanda kana kwamba hakuna kilichotokea. Ugonjwa huu unajua kujificha daktari anapofika.

Watu huuchanganya na ndugu yake, yaani pedi kuungua. Hapo pedali haizami. Inabaki juu na ngumu, mguu unasukuma kwa nguvu zote, lakini gari halishikiki, na harufu kali ya kuungua inaingia ndani. Pedi zimepita joto lake na hazikwaruzi diski tena. Dawa ya huyu ni pedi nzuri na mwendo wa busara. Dawa ya yule wa kwanza ni kumwaga mafuta yote ya breki na kuweka mapya. Dereva anayeweza kumwambia fundi “pedali ilizama” au “pedali ilikuwa ngumu ila gari halikushika” ameshafanya nusu ya kazi kabla boneti haijafunguliwa.

Kwa mzee wa W124, basi, tiba ilikuwa mkebe au miwili ya DOT 4 na saa chache za kutoa hewa gurudumu kwa gurudumu, wala si masta silinda. Mafuta hayo yabadilishwe kila miaka 2 hata kama gari halitembei sana. Mkebe uwe umefungwa bado na uwe na alama ya ubora ya KEBS. Uliokaa wazi kwenye rafu ya gereji umeshaanza kunywa maji. Na mtu asimwagie humo mafuta ya injini au ya usukani kwa kuwa ndiyo yaliyopo. Mafuta ya namna hiyo huvimbisha mipira yote ya breki, na gharama yake inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe.

Pedali laini asubuhi kabla ya safari, inayopanda ikipampiwa mara mbili tatu, ni jambo jingine. Mara nyingi hiyo ni hewa ndani ya mabomba, hasa kama kuna mtu alifungua kitu wiki iliyopita.

Pedali ngumu kama jiwe inaelekeza kwenye busta, lile pipa jeusi linalomsaidia dereva kusukuma. Injini ikiwa imezimwa, pedali ikanyagwe mara tano hivi mpaka iwe ngumu, kisha ishikiliwe na injini iwashwe. Ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, tatizo liko kwenye busta, kwenye bomba lake la kunyonya hewa, au, kwa Benz za dizeli, kwenye pampu ya vakyumu iliyofungwa mbele ya injini. Injini ya dizeli hainyonyi hewa kwa nguvu kama ya petroli, hivyo hutegemea pampu hiyo. Beringi zake zikivunjika, vipande vinaweza kuingia ndani ya injini. Kelele mpya mbele ya injini pamoja na pedali ngumu si jambo la kusubiri mwisho wa mwezi.

Gari linalovuta upande mmoja, au gurudumu moja linalotoka safarini likiwa moto kuliko wenzake, lina kalipa iliyokwama au bomba la mpira lililovimba ndani. Bomba hilo kwa nje huonekana zima kabisa. Ndani limeziba, mafuta yanaingia kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi. Gurudumu lipandishwe jeki, lizungushwe kwa mkono. Likikataa, ile nati ndogo ya kutolea hewa kwenye kalipa ifunguliwe kidogo. Gurudumu likiachia mara moja, shinikizo lilikuwa limenaswa, na bomba ndilo mshukiwa wa kwanza. Lisipoachia, kalipa yenyewe imeshika kutu. Bomba ni bei nafuu kuliko kalipa, na gari la miaka 30 ambalo mabomba yake hayajawahi kubadilishwa halihitaji hata uchunguzi: yabadilishwe.

Mtetemo kwenye usukani wakati wa kufunga breki hutokana na diski zisizo na unene sawa. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umechapwa kwenye diski yenyewe, na ukishapitwa, kuzipeleka kukwanguliwa ni kutupa pesa. Taa ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zipo, ila magurudumu yanaweza kujifunga na kuteleza. Mara nyingi ni sensa iliyojaa vumbi la barabara zetu au waya uliokatika. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, gari lisimame hapo hapo lilipo.

Aina mbili zinahitaji tahadhari ya pekee. Range Rover za 1994 hadi 2002 zina pampu ya umeme na tufe linalohifadhi shinikizo. Swichi ikiwa imefunguliwa, pampu ikilia kila pedali inapoguswa hata mara moja, tufe limechoka. Ni kitu kinachofunguliwa na kubadilishwa, wala mfumo mzima hauhitaji kushushwa. Mercedes W211 za miaka ya mwanzo, kuanzia 2002 hadi karibu 2006, zina breki zinazoongozwa kwa kompyuta, zinazoitwa SBC. Mfumo huo uliilazimu kampuni kuyaita magari yapatayo 680,000 duniani mwaka 2004, na mengine tena mwaka 2005. Kifaa chake huhesabu kila mara breki inapokanyagwa, na hesabu ikifika mwisho huwasha onyo. Fundi asiguse pedi za gari hili kabla ya kuuzima mfumo kwa mashine ya uchunguzi. Pampu inaweza kuamka yenyewe mlango ukifunguliwa, na pistoni za kalipa zikasukuma na kusaga vidole.

Kwa anayetaka kukagua mwenyewe nyumbani: jeki peke yake haishikilii uhai wa mtu. Stendi ziwekwe chini ya gari na mawe nyuma ya magurudumu yaliyobaki. Vumbi la breki lisipulizwe kwa hewa wala kwa mdomo, kwani pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lilowanishwe kwa maji na kufutwa kwa kitambaa cha kutupa. Mafuta ya breki ni sumu na hula rangi ya gari. Yasihifadhiwe kwenye chupa ya soda, watoto wapo.

Na kama pedali imezama tayari mteremkoni, kuna la kufanya. Pedali ipampiwe haraka haraka. Gia ishushwe kutoka D hadi 3, kisha 2, ili injini ilishike gari. Kusema kweli gia hiyo ilipaswa kuwa chini tangu Wundanyi. Breki ya kuegesha ya W124 hukanyagwa kwa mguu wa kushoto. Ikanyagwe polepole huku mkono ukiwa umevuta na kushikilia kile kishikio cha kuiachia, ili isijifunge ghafla na kuyumbisha gari. Gari likishasimama lisimwagiwe maji kwenye magurudumu, diski ya moto hupinda au kupasuka. Lipoe lenyewe, kisha liendeshwe taratibu kwa gia ndogo hadi gereji iliyo karibu.

Baada ya matengenezo yoyote ya breki, gari lijaribiwe kwanza likiwa limesimama, halafu kwa mwendo wa kutembea, halafu kwenye barabara tambarare kama hii ya Salaita pasipo na watu wala mifugo. Mwenye gari aombe arudishiwe kipuri cha zamani kilichotolewa, na kopo la mafuta ya breki lifunguliwe mbele yake: mapya ni meupe au ya manjano hafifu. Yakiwa meusi kama kahawa, hayakubadilishwa.