Redio ya Upepo: Kwanza Ulizeni Nani Atasikia

(Maneno tuliyosema mbele ya vikundi vya kujisaidia, Isiolo)

Tumeombwa tuseme habari ya redio ya upepo ya kushika mkononi, ile ambayo askari hubeba kifuani na wengine huiita woki-toki. Tunasikia vikundi vingine vinachanga pesa vinunue ya kwanza, kwa ajili ya wakati wa hatari. Ni jambo zuri. Lakini tutaanza na kosa letu sisi wenyewe, ili nyinyi msilirudie.

Tulichanga tukanunua redio mbili. Kwenye boksi kuliandikwa kilomita nyingi. Tukazijaribu sokoni, mtu huku na mtu kule, tukasikilizana vizuri, tukapiga makofi. Moja ikabaki kijijini, ya pili ikapelekwa ng'ambo ya laga kwa mwenye gari. Usiku mmoja wa mvua, laga imejaa, mama akashikwa na uchungu. Tuliita, tukaita. Hakuna jibu. Asubuhi tukajua kwamba ile ya pili ilikuwa imezimwa na kufungiwa sandukuni, ati betri isiishe. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei, ulizeni: tukiita, nani atasikia?

Simu ni nzuri, lakini nyote mnajua ukitoka mjini kwenda Merti au Sericho kuna sehemu nyingi hazina mtandao. Na busta ikikosa umeme, simu inakuwa tochi tu. Mvua za El Niño za 1997 na zile za Novemba 2023 zilikata barabara huku kaskazini, na wakati kama huo ndio msaada unatafutwa.

Anzeni kwa majirani. Hifadhi nyingi za jamii zina walinzi wenye redio. Nendeni kwao, kwa chifu, na kwa hospitali, mwombe mkubaliane nani atawasikiliza. Kisha nunueni redio inayoweza kuongea na ya kwao. Redio ya VHF haisikilizani na ya UHF. Ya dijitali haisikilizani na ya zamani isiyo ya dijitali, isipokuwa ile iliyotengenezwa kufanya kazi zote mbili. Mahali pa wazi kama kwetu, VHF mara nyingi ndiyo hufaa.

Jambo la pili ni sheria. Masafa ya redio si mali ya kila mtu. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na redio yenyewe lazima iwe imeidhinishwa. Msitumie masafa ya wenzenu bila ruhusa ya maandishi. Tena huku kwetu kwenye wizi wa mifugo, mtu mwenye redio isiyojulikana anaweza kudhaniwa mshambulizi.

Tatu, umbali. Wazee mnazikumbuka redio kubwa za misheni, za kuita madaktari wa ndege wa AMREF walioanza mwaka 1957. Zile za HF zilivuka mamia ya kilomita. Hii ya mkononi si hiyo. Hii hufika karibu na pale macho yangefika kama hakungekuwa na kizuizi. Dunia ni duara: watu wawili waliosimama kwenye tambarare hutarajia kama kilomita 8 hivi, na miti hupunguza. Kilima kikiwa katikati, pengine msisikilizane kabisa. Lakini mtu akipanda kilima cha mita 100, upeo wake unafika kama kilomita 36. Kwa hivyo msidanganywe na wati. Redio ya wati 5 inatosha. Pesa inayobaki itafutieni antena ya kusimamisha juu ya mlingoti. Na kabla ya kulipa, ijaribuni kijijini kwenu, si sokoni.

Nne, moto wa betri na vumbi. Kusikiliza hula moto kidogo, kuongea hula mwingi. Chukueni betri ya akiba, na chaja inayokubali volti 12 za sola au za gari. Tazameni pia alama ya IP. IP67 maana yake vumbi haliingii, na ikianguka ndani ya maji ya mita 1 huvumilia dakika 30. IP54 huvumilia vumbi na matone tu.

Mwisho, mpango. Wekeni zamu, na jina la mwenye zamu liandikwe kwenye daftari. Kila siku, asubuhi na jioni, mwite na mjibiwe, hata kama hakuna shida. Usiku wa mvua redio isizimwe kamwe. Ukiita, sema wewe ni nani, uko wapi, shida ni gani, unataka nini. Halafu achilia kitufe usikilize. Na mkumbuke kwamba upepo hauna mlango, kila mwenye redio anasikia. Usitaje ugonjwa wa mtu kwa jina lake, wala usiseme ng'ombe wamelala wapi.

Tukiwa na pesa ya redio moja tu na hakuna wa kutujibu, heri tungoje. Tukishapata wa kutujibu, tununue hata kesho.