Gari la Juu na Barabara Yako: Mazungumzo na Wananchi wa Kisiwani, Wilaya ya Same



Sisi tulio katika kazi ya kulinda haki za mlaji tumekuja kuzungumza nanyi juu ya ununuzi ambao, kwa familia nyingi, ni mkubwa kuliko wote baada ya nyumba. Wengi wenu mna gari dogo la familia, Corolla, Carina au Premio, na mnafikiria kuliuza ili mnunue gari la juu: RAV4, X-Trail, Forester au Escudo. Sababu mnazo. Vumbi la kiangazi, makorongo ya masika na mawe yanayogonga tumbo la gari mnayajua kuliko sisi. Hata hivyo, akiba ya miaka mingi inaweza kupotea kwa siku moja, mtu akinunua umbo la gari badala ya kazi ya gari.

Shauri letu ni moja, na mengine yote yanatokana nalo: lichagulie gari kilomita zako mbaya kuliko zote, kisha uhesabu ni mara ngapi kwa mwaka unazipita.

Tuchukue mfano wa familia ya mwalimu anayeishi hapa Kisiwani. Huenda Same mjini mara mbili kwa mwezi, na mama yake mzazi anaishi juu, upande wa Mbaga. Barabara ya Same–Kisiwani–Mkomazi imekuwa ikijengwa kwa lami kwa awamu, na palipo na lami gari dogo halina shida. Kinachobaki ni kipande cha mwisho, cha kupanda mlimani. Ikiwa mwalimu hupanda mara nne tu kwa mwaka, ni nafuu kukodi gari siku hizo nne, akabaki na gari lake lililofungwa shokapu mpya na matairi mazuri. Ikiwa hupanda kila wiki, akimpeleka mama kliniki na kurudi na magunia ya tangawizi, hesabu inageuka, na gari la juu lina haki ya kufikiriwa. Familia mbili za kijiji kimoja zaweza kupata majibu mawili tofauti, na yote mawili yakawa sahihi.

Ukishaona kwamba unalihitaji, tambua kwanza kwamba gari kuwa juu si sawa na gari kuvutwa na magurudumu yote manne. RAV4, X-Trail na CR-V zimetengenezwa za aina zote mbili, na kwa nje huwezi kuzitofautisha kwa urahisi. Usitosheke na neno la muuzaji wala na maandishi ya mlango wa nyuma. Fundi unayemwamini aingie chini ya gari aone kama nguvu ya injini inafika mbele na nyuma. Kama shida yako ni mawe tu, urefu unaweza kutosha. Kama ni utelezi wa mlimani wakati wa mvua, urefu peke yake hautakusaidia.

Pili, pima. Chukua rula, upime kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya gari, kisha urudie vipimo vikiwa vimekaa ndani watu watano na mzigo. Gari tupu husimama juu. Lililojaa hushuka, na safari zenu ni za gari lililojaa. Kumbukeni pia kwamba gari refu hupinduka kwa urahisi zaidi kuliko gari la chini likiingia kwenye kona kwa kasi. Atakayehama kutoka Corolla ajifunze upya mwendo wa kona za milimani, na kila abiria afunge mkanda.

Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Hakuna gari la juu linaloruhusu kuvuka korongo lililojaa maji yanayokwenda kasi. Mvua ikinyesha milimani, korongo la huku chini laweza kujaa hata kama kwetu jua linawaka. Maji yenye nguvu huliinua gari na kulichukua, liwe na magurudumu manne ya nguvu au mawili. Ngojeni yapungue.

Tatu, hesabu gharama za kila mwezi kabla ya bei ya kununua. Tuseme gari lako la sasa huenda kilomita 12 kwa lita moja, na hilo unalolitaka huenda 9. Kwa kilomita 1,000 za mwezi, la kwanza litatumia lita 83 na la pili lita 111. Zidisha lita hizo 28 za ziada kwa bei kikomo ya wilaya yenu, inayotangazwa na EWURA kila mwezi, kisha zidisha kwa miezi 12. Jumla hiyo iandikeni kwenye karatasi, muitazame mume na mke pamoja. Ongezeni matairi, ambayo mara nyingi ni makubwa na ya bei zaidi. Katika magari mengi yanayovutwa na magurudumu yote, matairi manne hutakiwa kuwa ya kipimo kimoja na ya uchakavu unaokaribiana. Ukichanganya, unaharibu mfumo wa nguvu, na kuutengeneza ni ghali. Desturi ya kununua tairi moja moja la mtumba haifai kwa gari la namna hiyo. Ulizeni pia kama vipuri na fundi wake wanapatikana Same au Moshi, au itabidi kila kitu kiagizwe Dar es Salaam.

Nne ni ununuzi wenyewe. Anayeagiza kutoka Japani ajue kwamba kodi hutegemea thamani, ukubwa wa injini na umri wa gari. Injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa mkubwa kuliko iliyo chini yake, na gari kuukuu huongezewa ushuru wa uchakavu. Kwa hiyo gari la bei ndogo kule Japani laweza kuwa ghali likifika bandarini. TRA ina kikokotoo katika tovuti yake. Kitumieni kabla ya kutuma hata shilingi moja. Namba ya chasisi iliyo kwenye nyaraka ilingane na iliyogongwa kwenye gari, na kilomita za kwenye dashibodi zilinganishwe na zilizoandikwa katika cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani.

Anayenunua hapa nchini aone kadi halisi ya gari. Jina la kwenye kadi liwe la yule anayeuza. Kama silo, mwenye jina aje mwenyewe au pawe na hati halali ya kumwakilisha. Hakikisheni kwamba gari halijawekwa dhamana ya mkopo na halina faini za barabarani zisizolipwa. Malipo yapite benki, mkataba uandikwe, na umiliki uhamishwe TRA bila kungoja. Ahadi zote za muuzaji ziingie katika mkataba. Akisema gari halijawahi kupata ajali, aandike hivyo. Asiyekubali kuandika anachokisema amekwisha kukujibu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa anayomuuzia. Ukidanganywa na mfanyabiashara, tunza risiti, mkataba na ujumbe wa simu, mwandikie kwanza yeye mwenyewe, na asiposikia upeleke malalamiko Tume ya Ushindani. Nanyi mtakapouza gari lenu la zamani, msimfiche mnunuzi ubovu mnaoujua. Huenda naye ni mzazi aliyeweka akiba miaka mingi kama ninyi.

Mwisho, msitumie fedha zote kununua. Tengeni sehemu kwa ajili ya matengenezo ya mwanzo, bima na matairi. Gari la juu lililokaa uani bila matairi halimfikishi mama kliniki. Gari dogo linalotembea humfikisha.

Sasa tunakaribisha maswali yenu.