Siti Binti Saad ni wa Tabora pia

Italia inajivunia mwimbaji Enrico Caruso, mtoto wa Napoli aliyezaliwa mwaka 1873 katika familia ya watu wa kawaida. Mwaka 1902 aliimba mbele ya mashine ya kurekodi mjini Milano, na santuri zikaifikisha sauti yake mahali ambapo hakuwahi kukanyaga.

Sisi tunaye Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Alitembeza vyungu akinadi kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyomtoa. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza muziki, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili.

Tabora inaingiaje hapa? Baba yake Siti alikuwa Mnyamwezi, wa kabila lenye asili ya Tabora. Wanyamwezi ndio waliobeba pembe za ndovu mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo. Wengine walirudi na nguo na shanga. Wengine walibaki, pwani na visiwani pakawa kwao. Kwa hiyo njia ile ya misafara haikupitisha mizigo na machozi ya watumwa tu. Ilipitisha pia damu iliyozaa sauti.

Siti alifariki mwaka 1950, na mwandishi Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Walimu wa Tabora, mnapofundisha habari za misafara, msiishie kwenye pembe na minyororo. Mtajeni na binti huyu. Ni wenu pia.