Sanduku yetu na hesabu ya miaka inayokuja
(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanamemba, Panda)



Siye tunaozunguka nyumba kwa nyumba hapa Panda tunasikia ulizo moja kila mara: "Nikivunjika mugongo kesho, chama kitanisaidia mpaka lini?"

Tupige hesabu pamoja. Tuseme tuko wanamemba 60, kila mutu anatoa franka 2.000 kwa mwezi. Ni 120.000. Tuseme kila mwaka mutu moja anapata ulemavu unaomuzuia kazi, na tunamupa 40.000 kila mwezi. Mwaka wa kwanza iko mutu moja, wa pili wawili, wa tatu watatu. Mwisho wa mwaka wa pili sanduku iko na 1.440.000. Mwaka wa tatu haipungue. Hapo wengine wataanza kusema: feza iko, tununue viti! Lakini mwaka wa nne wako wane, wa tano watano. Mwisho wa mwaka wa tano, sanduku iko zero. Na hakuna mwizi. Matanga tunalipa mara moja. Ulemavu tunalipa kila mwezi, miaka na miaka.

Wenye kusomea hesabu ya namna hii wanaitwa aktuari. Wanauliza: wangapi watapatwa, kwa umri gani, wangapi watapona, muda gani? Kisha wanasema mchango gani unatosha, na akiba gani isiguswe.

Serikali nayo inawahitaji. Tangu 2022 Congo iko na sheria ya haki za watu wenye ulemavu, lakini kila ahadi iko na bei yake. Na hesabu ya raia wote ya mwisho ilifanyika 1984! Aktuari atatoa wapi namba za Panda? Namba za Ulaya hazijui mwili wa mutu aliyebeba mawe ya mgodi.

Basi tuanze kaye yetu: umri, kazi, siku shida ilianza, siku iliisha. Tusiulize "uko kilema?", watu wanaficha. Tuulize kama vile wachunguzi wa inchi nyingi: uko na shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujiosha ao kuvaa, kuelewana na wengine? Na kaye ikae siri.

Tunaomba mkutano ukate leo: akiba isiguswe mpaka mwenye kujua hesabu aiangalie. Yule mutu wa sita naye ni memba. Alilipa kama siye wote.