Rufiji: Namba Moja Haitutoshi

Nimepewa dakika tano, na najua wengine mnangoja niseme bwawa la Nyerere ndilo lililoleta mafuriko ya Aprili 2024 kule Rufiji na Kibiti. Sitasema. Wala sitasema halihusiki, maana hizo data za kukata mzizi wa fitina sijaziona.

Tuanze na kipimo chenyewe. Kituo cha mtoni kinapima kina cha maji, basi. Wingi wa maji yanayopita unakokotolewa: wataalamu wanapima kasi ya maji siku chache chache, wanachora mchoro wa kina hiki, maji kiasi hiki. Mafuriko yakija, nani ataingia mtoni kupima? Mchoro unarefushwa kwa kukisia. Na mto ukihamisha mchanga, mchoro wa mwaka jana haufai tena. Yaani siku maji yanabomoa nyumba za watu, ndiyo siku namba ni dhaifu kabisa.

Hali ya hewa nayo ni vilevile. Kwa bonde la Rufiji, modeli nyingine zinaonyesha mvua itaongezeka, nyingine itapungua. Sisi tunatajiwa megawati 2,115. Hiyo ni mitambo 9 mara 235, uwezo wa mashine. Mvua haikusaini mkataba.

Mimi nasoma sheria, shaka hainitishi. Jinai inathibitishwa pasipo kuacha shaka, madai yanafuata upande wenye uzito zaidi. Kote huko shaka inawekwa mezani, haifichwi. Sasa kumbukeni 2018: Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kutoa takwimu za kuzikosoa zile rasmi. 2019 wakalegeza. Makisio, halafu kuyabishia iwe jinai! Jamani.

Tudai nini? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba, na mwenye taarifa ana siku 30 za kujibu. Tuombe vipimo vya kina vya kila siku, kabla na baada ya bwawa kuanza kujazwa Desemba 2022. Tuombe kiasi cha maji kilichofunguliwa, siku kwa siku. Na kila makisio yaje na kiwango chake cha juu na cha chini.

Rasimu ya barua ninayo hapa. Mwenye ndugu Muhoro au Ikwiriri anione tukitoka, tujaze majina.